Tupeane uzoefu: umepigwa chini kampuni ya sola, gesi au umeme bila notisi, ulidai vipi?

Wakuu habari za Mwanza. Vijana wengi huku wameachishwa ghafla, mafundi sola, wa mitungi ya gesi, wa nguzo. Mliofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), ile inayoshughulikia migogoro ya kazi, tiririkeni.

Naanza mimi. Fundi sola, nalipwa kwa mwezi. Natoka Nansio kufunga betri, meli ndo inaacha gati naona nimetolewa kwenye grupu la WhatsApp la kazi, kufika ofisini Nyakato supavaiza anataka multimita na yunifomu, barua hana, eti bosi atanipigia. Mpaka leo. Nikajaza fomu namba 1 pale Tume, bure, wakili sina, nakala moja nikawapelekea kampuni wagonge muhuri wa kupokea. Kwenye usuluhishi wakasema kazi zimepungua, sawa, ila sheria ya ajira ya 2004 inataka watoe taarifa ya nia, waseme sababu na wakae na wafanyakazi KABLA, sio mtu ajijue yuko majini. Tukamalizana: notisi siku 28, likizo, kiinua mgongo siku 7 kwa kila mwaka niliomaliza, na cheti cha utumishi.

—Ongezea mkuu, mwisho wa kupeleka fomu Tume ni siku 30 tangu uachishwe. Kuna jamaa Buhongwa walimzungusha njoo jumatatu njoo jumatatu, kwenda Tume kachelewa, ikabidi aombe kwanza kuongezewa muda, wakamkatalia.

—Mie wa gesi Kirumba, nilikuwa na miezi minne tu. Kuachishwa isivyo halali sikuweza kudai, chini ya miezi sita sheria haikubebi, ila notisi na siku nilizofanya nikalipwa.

—Binamu yangu yuko Houston, Marekani, kwenye mambo ya mafuta, kule kuna sheria ya WARN ya 1988, kampuni ya watu 100 kwenda juu ikifukuza kwa mkupuo lazima itoe taarifa siku 60 kabla, isipotoa wafanyakazi wanaidai mshahara wa hadi siku hizo 60, tena wanashtaki kwa pamoja. Hata huku inawezekana bana, sisi wa nguzo tuliingia na fomu moja, tukaambatanisha majina na sahihi zetu wote, mmoja akatuwakilisha.

—Sasa mimi sina mkataba wa maandishi wakuu, nina meseji za M-Pesa tu za mshahara, si watanikana?

—Dada nenda nazo hizo hizo, usifute hata moja. Mkataba wa maandishi ni jukumu la mwajiri, akishindwa kuuleta yeye ndo atajieleza. Una siku ngapi tangu wakutoe?

—Wiki ya tatu hii.

—Nenda kesho.