Tupeane uzoefu: kumsimamia aliyetoka Chuo cha Mafunzo (jela yetu Zanzibar) kwa kesi ya kumdhalilisha mtoto kijinsia

Assalaamu alaykum. Maafisa ustawi, masheha, askari wa dawati la jinsia, tuwekeeni hapa mnavyofanya kazi hii. Majina na shehia tuyaache. Kwetu ukimtaja mkosaji na mtaa wake, umeshamtaja na mtoto.

Afisa ustawi, Unguja
Anza miezi mitatu kabla hajatoka. Nenda nyumba atakayofikia; usiishie barazani, omba kuingia ndani. Hesabu vyumba, uliza nani analala wapi, tazama mlango wa chumba cha watoto kama una komeo. Ukiambiwa "atalala ukumbini na wajukuu", tafuta nyumba nyengine siku hiyo hiyo. Kazi ya kufundisha, gari la skuli, kuuza barafu mlangoni mwa skuli: hapana.

Sheha, Pemba
Kumfukuza ndiyo kosa kubwa. Anapanda boti, anafikia kwa shangazi yake Unguja, na sheha wa huko hana habari. Mpigie mwenzako kabla boti haijafika: jina, nyumba, masharti. Barua usimpe yeye aipeleke, haitafika.

Mshauri nasaha
Ukimuuliza "u hali gani?" utajibiwa "alhamdulillahi" na utatoka mikono mitupu. Uliza: jana baada ya magharibi ulikuwa wapi? Nani alikula kwako? Ukienda kila Jumatatu saa nne, utaikuta nyumba imeshafagiliwa, basi badilisha siku. Dalili za kuzishika: biskuti na vocha kwa mtoto mmoja tu, kuacha kazi ghafla, kujitenga.

Upweke unanitia hofu kuliko yote. Mwaka 1994 huko Hamilton, Kanada, walianza kumzungushia mtu kikundi cha wanaojitolea, kwa kawaida wanne hadi sita, wakiwa naye karibu na wakimhoji bila kumwonea haya. Hapa tunaye imamu, kaka mkubwa, bosi wake wa kazi. Ila waambiwe kosa lenyewe, si "alipata matatizo".

Askari wa dawati la jinsia
Muhali, jamani! Ndugu wanaona, wananyamaza. Chagueni mapema mwanamke mmoja wa nyumba ile, bibi au shangazi asiyeogopa lawama, awe na namba ya afisa na ya dawati. Familia ya mtoto ijulishwe kabla ya siku ya kutoka, wasije wakakutana naye sokoni.

Afisa ustawi, Unguja
Na waulizwe mtoto anapita njia gani kwenda skuli na chuo cha Kurani. Njia hiyo aiache yeye mkubwa, azunguke. Mtoto asihamishwe.