Printa ya dukani imegoma baada ya kuweka Linux, naombeni ushauri (Lubumbashi)

KopiKasapa
Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, duka letu la kuchapa na kutoa kopi liko njia ya Kasapa, wateja wengi ni wanafunzi. Tuko na mashini tano za zamani, Core 2 Duo, RAM giga 4. Windows 10 iliachishwa marekebisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali kwa sababu hazina TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Kinachonichosha zaidi ni flashi zenye virusi. Mwanafunzi anachomeka, folda zake zote zinageuka vimshale visivyofunguka, anaanza kulia kwamba duka limemlia TFC, kazi yake ya kumaliza masomo. Basi nimeweka Linux Mint mahali pa Windows, ile nyepesi ya Xfce. Mashini zinakwenda mbio, lakini printa haitoi hata karatasi moja. Kazi inaingia kwenye foleni, taa ya kijani inawaka, halafu kimya. Nifanyeje? Wanafunzi wanatakiwa kukabidhi kazi wiki hii.

FundiKatuba
Printa gani? Taja aina na namba yake. Bila hiyo tunapiga ramli tu.

PapaLikasi
Pole mdogo wangu. Parokiani kwetu tuko na HP LaserJet P1102. Hizo zinatumia HPLIP, programu ya kuendesha printa za HP kwenye Linux, ila aina hiyo inadai kipande cha nyongeza cha HP ambacho hakimo ndani ya Linux, lazima ukipakue. Nilikipakua, tukachapa misa zote za Kwaresima vizuri. Siku moja nikakubali masasisho, kesho yake Jumapili, printa imenyamaza. Kumbe toleo la nyongeza lazima lilingane na toleo la HPLIP. Tuliimba bila karatasi. Toka siku hiyo sigusi masasisho siku ya Jumamosi.

MwanaRuashi
Mimi ningeweka Debian, Linux nyingine. Na angalia kibodi! Nilisahau kuchagua ya Kifaransa, neno la siri lilikuwa na herufi "a", kumbe nimeandika "q". Mashini ilinikataa siku mbili, nikadhani nimelogwa 😂

KopiKasapa
Asanteni. Kibodi iko sawa. Printa ni Canon ya kawaida tu, ndogo, tuko nayo miaka mingi. Kwenye Windows haikuwahi kusumbua, kwa hiyo si mbovu.

FundiKatuba
Namba, mukubwa. Iko mbele, imeandikwa.

KopiKasapa
LBP2900.

FundiKatuba
Hapo ndipo. Printa hiyo haielewi lugha za kawaida za printa, PostScript wala PCL. Ukurasa wote unapikwa ndani ya kompyuta, halafu unatumwa kwa mtindo wa Canon wenyewe unaoitwa CAPT. Canon walitoa draiva (programu ya kuendesha printa) ya CAPT ya Linux, lakini inadai maktaba za biti 32 hata kama mfumo wako ni wa 64. Na kuna programu yake, ccpd, inayokaa chinichini ikiongea na printa. Isipowaka, kazi inalala kwenye foleni vilevile unavyoeleza. Njia nyingine ni captdriver, draiva ya watu wa kujitolea, ambayo LBP2900 imo. Hiyo unaijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo. Bado uko na mashini yoyote yenye Windows?

MamaKamalondo
Mimi niko na swali lingine. Umesema "duka letu". La wewe na nani?

KopiKasapa
Nne nimeshazifuta. Ya tano bado iko na Windows, nilitaka kuifuta leo jioni ili zote zifanane.
Duka ni la yaya, ndugu yangu mkubwa. Yuko Kolwezi kwenye kilio, anarudi Jumamosi. Hajui. Lakini naombeni mnielewe: ningemuuliza angekataa, na si yeye anayesimama mbele ya wanafunzi wanaolia. Mimi ndiye.

MamaKamalondo
Mdogo wangu, mtu yuko kwenye kilio, unamgeuzia nyumba! Na daftari lake la madeni lilikuwa kwenye mashini gani?

KopiKasapa
Nilinakili kila kitu kwenye diski ya nje kabla ya kufuta. Mimi si mtoto.

PapaLikasi
Mpigie leo. Habari kama hiyo isimkute mlangoni.

Shahidi_Kenya
Hii hadithi imetungwa. Tarehe kamili, TPM, vyote amepanga vizuri, lakini namba ya printa yake mwenyewe mpaka aulizwe mara mbili? Halafu yaya safarini, kilio, wanafunzi wanalia. Kesho atatokea mtu kutuuzia diski za Linux.

MwanaRuashi
Kweli hata mimi nilishangaa. Mwenye duka anaijua printa yake kuliko mke wake.

KopiKasapa
Sikuitaja kwa sababu nilijua mtasema nirudishe Windows. Nilishasoma mahali kwamba Canon hizi zinasumbua, nikajipa moyo. Ndiyo ukweli.

FundiKatuba
Jambo dogo. Chomeka printa, fungua terminal, lile dirisha la kuandika amri, andika lsusb, itaorodhesha vifaa vya USB, utuletee mstari wa Canon.

KopiKasapa
Bus 001 Device 004: ID 04a9:2676 Canon, Inc. CAPT Device

Shahidi_Kenya
Hiyo inapatikana intaneti.

FundiKatuba
Inapatikana, ila mimi namwamini. Kijana, ya tano usiiguse. Kwenye zile nne, hifadhi kazi ya mteja kama PDF, peleka kwenye ya tano, chapa kutoka huko. Ila flashi ya mwanafunzi isiingie kwenye ya tano hata kidogo, tumia yenu wenyewe. Na kabla ya kutoa PDF, angalia namba za kurasa: Times New Roman isipokuwepo, LibreOffice, programu ya kuandikia kwenye Linux, inaweka Liberation Serif, ambayo upana wa herufi ni uleule, lakini fonti nyingine zinaweza kusukuma jedwali likaangukia ukurasa wa pili. captdriver jaribu usiku, kwenye mashini moja tu.

KopiKasapa
Narudi. Mchana tumetumia PDF, hakuna aliyeondoka mikono mitupu. Usiku nimejenga captdriver kwenye mashini ya dirishani. Karatasi ya kwanza imetoka na mistari mitatu tu, chini nyeupe. Nimezima printa, nimeiwasha, nimetuma tena: ukurasa mzima, mweusi safi.
Nimempigia yaya. Alinyamaza muda mrefu, akauliza kama daftari la madeni lipo. Nimemsomea majina mawili ya juu na kiasi wanachodaiwa. Amesema ya tano nisiiguse mpaka afike, na wale wawili niwakumbushe.