CRP yangu ni 14, baba na baba mdogo walikufa kwa moyo: nipime nini zaidi?

Mama Wawili, Tabata

Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 41, nina duka la vitenge Kariakoo, sigara sivuti na pombe sinywi. Baba yetu alianguka ghafla akiwa na miaka 51. Baba mdogo naye moyo ulimchukua kabla hajafika 55. Sasa hivi kaka yangu mwenye miaka 46 yuko wodini, mshipa wa moyo umeziba. Nikaona nisikae tu.

Nikaenda hospitali moja hapa mjini, wakanifanyia chekapu ya moyo, na bei yake si ya kuchezea. Majibu haya hapa: kolesteroli jumla 5.6, HDL (ile nzuri) 1.1, trigliseridi (mafuta mengine ya damu) 1.6, LDL (ile mbaya) 3.8, zote kwa milimoli kwa lita. Sukari ya miezi mitatu asilimia 5.5. Troponini hakuna kitu, D-dimer kawaida. CRP 14, imezungushiwa wino mwekundu. Presha siku hiyo ilikuwa 142 kwa 91, nikaambiwa ni woga wa hospitali tu. Ila kwenye CRP daktari alisimama sana: mishipa yangu ina uvimbe, niko kwenye hatari kubwa, nirudi kwa vipimo vingine. Wiki hiyo nilikuwa natoka kwenye mafua makali na kikohozi, hakuna aliyeniuliza.

Naomba kujua, hiyo 14 maana yake moyo umeshaanza kuharibika? Na kuna kipimo cha damu kinachoweza kuonyesha kama nafuata njia ya baba? Msinitulize, niambieni ukweli. Nina watoto wawili wanaonitegemea.

Kijana wa Mbagala

Pole sana dada. Mama yangu mafuta yalikuwa juu, akaanza kunywa maji ya kitunguu saumu na ndimu kila asubuhi, samli na nyama za mafuta akaacha. Alivyorudi kupima yalikuwa yameshuka. Jaribu na wewe.

Fundi wa Maabara

Dada yangu, pole kwa mgonjwa, na pole kwa hofu uliyonayo. Kazi yangu ni maabara, na watu wenye swali kama lako ninawaona sana, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapopambana na kitu: mafua, malaria, jino bovu, UTI, jeraha. Tunapoitumia kubashiri moyo tunaisoma kwenye viwango vidogo sana. Chini ya miligramu 1 kwa lita hatari ni ndogo, kati ya 1 na 3 ni ya wastani, juu ya 3 ni kubwa. Ikipita 10 hatuihusishi tena na moyo. Tunatafuta maambukizi, mtu anapona, ndipo tunarudia wiki mbili baadaye au zaidi. Tena lazima kiwe kipimo chenye unyeti wa juu, kwenye fomu huandikwa hs-CRP, kwa sababu CRP ya kawaida imetengenezwa kukamata maambukizi na huku chini haisomi vizuri. Hiyo 14 yako ni mafua mpaka ithibitike vinginevyo. Kumwambia mtu anayekohoa kwamba mishipa yake imevimba, kwa karatasi ile peke yake, ni kumwonea, na inaniuma kuona anarudishwa nyumbani na mzigo huo.

Troponini hutoka kwenye msuli wa moyo unapoumia. Hicho ni kipimo cha mtu aliyeletwa usiku kifua kimembana. D-dimer ni cha kutafuta damu iliyoganda. Vyote viwili havikuwa na kazi kwako.

Sasa LDL, na hapa ndipo ningependa usome taratibu. Ile 3.8 yumkini haikupimwa, imekokotolewa: chukua kolesteroli jumla, toa HDL, toa trigliseridi uliyoigawa kwa 2.2. Piga hesabu mwenyewe utaipata. Kanuni hiyo ni ya Friedewald na wenzake, ya mwaka 1972, na haifai trigliseridi ikipita 4.5. Yako iko chini sana ya hapo, basi namba yako tuiamini. Ila LDL inakuambia ni kolesteroli kiasi gani imebebwa, haikuambii chembe zinazobeba ni ngapi, na kinachopenya kwenye ukuta wa mshipa ni chembe. Kila chembe ya LDL ina molekuli moja tu ya protini iitwayo apoB, kama kila daladala ilivyo na usukani mmoja: hesabu usukani, umeshajua magari ni mangapi, yawe yamejaa au matupu. Mtu mwenye kitambi, kisukari au trigliseridi nyingi anaweza kuwa na LDL ya kupendeza huku apoB iko juu. Ukipata nafasi ipime.

Swali lako la njia ya baba lina kipimo chake, na kwenye orodha yako hakipo. Kinaitwa Lp(a), lipoprotini a ndogo. Iligunduliwa na Kåre Berg wa Norwe mwaka 1963. Ni chembe inayofanana na LDL lakini imeungwa na protini nyingine ya ziada, na kiwango chake kwa sehemu kubwa unazaliwa nacho. Mazoezi na chakula haviisogezi kwa maana, na statini, zile dawa za kushusha kolesteroli, haziishushi. Karibu mtu mmoja kati ya watano duniani yuko juu ya mpaka, yaani miligramu 50 kwa desilita au nanomoli 125 kwa lita, na sisi wenye asili ya Afrika kwa wastani tuko juu kuliko Wazungu. Kwa watu wengi kupima mara moja maishani kunatosha. Si kila maabara hapa Dar inacho, kwa hiyo ulizia kabla hujatoa mkono wako. Majibu yakija angalia kizio kilichoandikwa, na usikigeuze kuwa kingine kwa kuzidisha, maana ukubwa wa chembe hizi hutofautiana mtu na mtu.

Kijana wa Mbagala, ninavyoona mama amesaidiwa zaidi na kuacha ile samli. Mpongeze kwa hilo.

Nesi Upanga

Kaka wa maabara umesema vizuri, lakini wote tumeiruka 142 kwa 91. Dada, hiyo ndiyo namba iliyonishtua mimi. Woga wa hospitali upo, ila hauamuliwi kwa kupima mara moja. Azima au nunua mashine ya mkononi, pima asubuhi na jioni kwa wiki nzima ukiwa umekaa na kutulia, andika kwenye daftari. Nyumbani ikiwa 135 kwa 85 au zaidi kwa wastani, hiyo ni presha.

Na nikuulize jambo ambalo wanawake hawaulizwi: katika ujauzito wako, presha iliwahi kupanda?

Mama Wawili, Tabata

Asanteni jamani, nimesoma zaidi ya mara moja. Nesi, ndiyo. Mimba ya pili presha ilipanda, miguu na uso vikavimba, mkojo ukawa na protini, mtoto akatolewa kwa upasuaji kabla ya wakati. Baada ya hapo nikaambiwa imeisha. Nayo inahusika na haya?

Nesi Upanga

Inahusika sana, mdogo wangu. Mwanamke aliyepata kifafa cha mimba, au ile hali inayokitangulia kama yako, ana hatari kubwa zaidi ya presha, kiharusi na ugonjwa wa moyo miaka ya mbele. Mweleze kila daktari utakayemwona hata asipokuuliza.

Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mpya za hatari ya moyo mwaka 2019, zimegawanywa kwa kanda 21 za dunia, na sisi Afrika Mashariki tuna ya kwetu. Daktari anaangalia umri kuanzia miaka 40, jinsia, sigara, presha, kisukari na kolesteroli jumla. Ukisomwa hapo utaonekana unaendelea vizuri tu. Lakini baba, baba mdogo, kaka na hiyo mimba ya pili havina nafasi kwenye ile chati. Kwa hiyo mwenye familia kama yako asiishie kwenye chati. Nenda na daftari la presha na karatasi zote kwa daktari wa moyo, hata pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili, muamue pamoja kama dawa inahitajika.

Mama Wawili, Tabata

Nimeelewa. La mwisho: kama Lp(a) haishuki, kuna faida gani kuijua? Na watoto niwapime?

Fundi wa Maabara

Faida ipo. Ukijua hiyo moja iko juu, unabana nyingine zote mapema: presha, LDL, sukari. Kila milimoli 1 kwa lita ya LDL inayoshushwa kwa statini hupunguza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa kama moja ya tano. Mwenye Lp(a) kubwa daktari humwekea lengo la LDL la chini zaidi, na 3.8 hawezi kuiacha hivihivi.

Watoto subiri kwanza. Aanze kaka yako, yeye tayari anatolewa damu huko wodini, omba waongeze Lp(a). Ikiwa juu, wewe na ndugu zako mna uwezekano wa karibu nusu kwa nusu wa kuwa nayo. Wewe ukiwa nayo, hapo ndipo muulize daktari kuhusu watoto.

Lp(a) na apoB hazihitaji kufunga kula, unaweza kupita ukitoka dukani. Hs-CRP ngoja kikohozi kiishe kabisa. Na kama kwenu kuna selimundu, mwambie daktari, kwa sababu ile sukari ya miezi mitatu inaweza kusoma chini kuliko hali halisi. Hapo arudie kwa sukari ya asubuhi kabla hujala.