Nisimamie ubatizo wa mtoto wa dada yangu na hali sijui kama Mungu yupo? Naomba ushauri

Mpakani_Malaba:
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri wa dhati, na tusitukanane tafadhali.

Dada yangu anambatiza mwanawe mwezi ujao parokiani kwetu, upande wa Tororo, na amenichagua niwe msimamizi. Sisi ni Wakatoliki tangu enzi za babu. Kila tarehe 3 Juni nyumba inafungwa, watu wote wako Namugongo. Mimi nimebatizwa, nina kipaimara, nimetumikia altareni utoto wangu wote. Ila kwa muda sasa siamini kama zamani. Sisemi Mungu hayupo. Nasema sijui, na kadiri ninavyosoma naona hakuna anayejua.

Kazini tunapitisha mizigo forodhani, na foleni ya malori ikikwama tunabishana. Mwenzangu mmoja ni mkanamungu, hafichi. Ananiambia huu uagnostiki wangu, yaani hii "sijui" yangu, ni woga: ama unaamini, ama huamini, hakuna benchi la katikati. Dereva mmoja wa Mombasa humjibu kwamba hata mkanamungu ana imani yake, maana hajauzunguka ulimwengu wote akamkosa Mungu.

Sasa padri atauliza mbele ya watu wote kama tunamsadiki Mungu Baba Mwenyezi, Muumba wa mbingu na dunia. Natakiwa kujibu "Nasadiki". Je, mtu wa "sijui" anaweza kulitamka hilo asiwe mwongo?

Boda_Jinja:
Kaka, itikia tu. Nani atakupasua moyo akague? Mtoto abatizwe, watu wale pilau, maisha yaendelee.

Mwalimu_Mbale:
Ndugu wa Malaba, usimsikilize huyo wa pilau. Swali lako ni zito na umefanya vizuri kuuliza kabla ya siku yenyewe.

Hapo una maswali mawili umeyafunga pamoja. Moja ni unajua nini, la pili ni unaamini nini. Thomas Huxley, mwanabiolojia wa Uingereza aliyeanza kujiita agnostiki mwaka 1869, alikuwa anazungumzia ushahidi: usidai uhakika wa jambo usiloweza kulithibitisha. Hilo ni suala la kujua. Kwa hiyo yupo mtu asemaye "sina uthibitisho, lakini naamini na nasali", na yupo asemaye "sina uthibitisho, na siamini". Wote hawajui, lakini mmoja anaweza kujibu "Nasadiki" kwa moyo mweupe na mwingine hawezi. Mwenzako ana haki katika hilo tu: ukiulizwa unaamini nini, "sijui" haijajibu swali. Kukuita mwoga amekosea. Mwoga ni yule anayeitikia asichokiamini ili asisemwe.

Na kuna mahali umeteleza. Umeanza na "sijui", ukamalizia na "hakuna anayejua". Hizo si kauli moja. Ya kwanza ni habari yako wewe. Ya pili ni dai juu ya binadamu wote, nalo linahitaji kuthibitishwa kama dai lingine lolote.

Fikra_Kasese:
Mimi ni mkanamungu, niseme langu kwa heshima.

Dereva wa Mombasa anakosea. Kutoamini hakuhitaji kuzunguka ulimwengu. Chukua Kibuka, mungu wa vita wa Buganda. Masalia yake yalipelekwa Cambridge, yakarudishwa Uganda mwaka 1962. Je, ndugu, juu ya Kibuka unasema "sijui"? Juu ya Mukasa wa ziwani? Nadhani husemi hivyo. Humwamini, na unaishi bila hofu naye. Mwanafalsafa Bertrand Russell aliandika jambo la namna hii mwaka 1947: mbele ya wanafalsafa angejiita agnostiki, kwa kuwa hana hoja ya mwisho, ila kwa mtu wa kawaida angejiita mkanamungu, kwa sababu hata miungu ya Wagiriki wa kale hawezi kuthibitisha kwamba haipo. Mimi nasimama hapo. Mwenye kudai ndiye alete ushahidi.

Na usiogope sheria. Katiba yetu ya 1995 inasema nchi haina dini ya serikali, na ibara ya 29 inalinda uhuru wa dhamiri. Hata kiapo cha Rais kina nafasi ya kuthibitisha bila kumtaja Mungu.

Binti_Bombo:
Kaka wa Kasese, mfano wa Kibuka haufiki mbali. Wapo Waganda wanaokwenda mahali pake pa ibada mpaka leo, waulize wao kwanza. Halafu Kibuka ni mmoja kati ya viumbe, ana masalia. Sisi Waislamu tunauliza kilichovifanya viumbe viwepo. Qurani katika sura ya At-Tur inauliza: wameumbwa bila chochote, au wao ndio waumbaji? Swali hilo mtu hulijibu. Kulikalia kimya si jibu.

Fikra_Kasese:
Dada, juu ya chanzo cha ulimwengu nakubali, hapo hata mimi nasema sijui. Lakini kutoka kwenye chanzo mpaka kwa Mungu anayesikia sala ya mtu ni safari ndefu, na hiyo ndiyo siioni.

Mpakani_Malaba:
Asanteni sana. Mwalimu, umenishika pabaya. Nikijiuliza kwa ukweli, sala nimeiacha. Mama alipolazwa nilikaa naye usiku kucha, yeye akishika rozari, mimi nikihesabu matone ya dripu, na sikusali hata kidogo. Kwa hiyo sijui kama yupo, na kuamini siamini. Nikisema "Nasadiki" nitakuwa nadanganya mbele ya mtoto. Ila dada nitamwambiaje?

Katekista_Soroti:
Mwanangu, nafundisha wazazi wa ubatizo, nisikilize.

Kanisa halikubaliani nawe wala na huyo wa Kasese. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikani, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1870 ulitamka kwamba Mungu anaweza kujulikana kwa hakika kwa akili ya mwanadamu, kupitia vilivyoumbwa. Kwa hiyo "hakuna anayejua" ni kinyume na mafundisho yetu, na mlango wangu uko wazi ukitaka tulizungumze taratibu.

Kwa ubatizo wenyewe, sheria za Kanisa za 1983, kanuni ya 874, zinataka msimamizi awe Mkatoliki aliyepata kipaimara na anayeishi imani yake. Hilo la mwisho huna kwa sasa, na kusimama pale hivyo si kumsaidia mtoto. Lakini kanuni ya 873 inasema msimamizi mmoja anatosha. Dada yako akimpata shangazi au jirani mwenye imani, ubatizo hauahirishwi. Mwambie wiki hii, kabla hajapeleka majina kwa padri. Mwambie uso kwa uso, usimtumie ujumbe wa simu. Na umwambie kwamba ada ya shule ya mtoto na kumlea kama mjomba havina kanuni inayokuzuia.

Mpakani_Malaba:
Nimekuelewa, mzee. Jumamosi naenda kwake.