Gemu iko Godot 4.3: tuhamie foki au tubaki?

pikseli77
Wakuu, kuna gemu ya 2D kwenye Godot 4.3 (injini ya kutengenezea gemu), skripti zote GDScript (lugha ya Godot yenyewe), plagini moja ya GDExtension (maktaba iliyokompailiwa nje ya injini). Mwenzetu anashinikiza tuhamie Redot, foki ya Godot (mradi mwingine uliochipuka kwa kunakili msimbo wake). Ni kufungua folda tu, au kuna mitego? Na hizi foki zinadumu kweli?

fundi_scons
Mkuu, usiguse mradi wenyewe. Nakili folda nzima, kwenye nakala futa `.godot` (ni kashe, itajijenga upya), ndipo ufungue. Redot ilianzia kwenye 4.3, hivyo GDScript haitasumbua sana. Violezo vya kutolea gemu lazima vitoke toleo lilelile la kihariri. Vya Godot usivichanganye humo. Halafu hiyo plagini: soma `compatibility_minimum` kwenye faili la `.gdextension`. Ikidai 4.4, injini ya 4.3 haitaipakia. Usihifadhi sini (scene) yoyote kabla hujalimaliza hilo.

mzee_wa_git
Leseni ya MIT inamruhusu yeyote kuchukua msimbo mradi abakize tangazo la hakimiliki, kwa hiyo kuzaa foki ni dakika tano. Kulea ndiyo shughuli. Redot ilizaliwa 2024 kwa ugomvi wa uendeshaji wa jamii, si kwa pengo la kiufundi. UPBGE, foki ya Blender (programu ya 3D), ni tofauti: Blender 2.80 ilipoitupa injini yake ya gemu mwaka 2019, watumiaji wake walikuwa na sababu ya kuing'ang'ania. Foki ya ugomvi inamtegemea mama (mradi asilia) milele, na mama akipanga upya mafaili, kila kuunganisha ni migongano.

Pima mwenyewe. Ndani ya msimbo wa foki, ongeza hazina ya Godot kwa jina `mama`, kisha:

`git fetch mama`
`git cherry HEAD mama/master`

Hesabu mistari yenye `+`. Hizo ndizo komiti (mabadiliko ya msimbo yaliyorekodiwa) za mama ambazo foki haijazichukua. Rudia baada ya mwezi. (Hesabu ya `git rev-list --count` itakudanganya kama wanachota komiti moja moja, maana komiti iliyonakiliwa hupata kitambulisho kipya.)

pikseli77
Kumbe. Kusema kweli tunachotaka ni hitilafu moja tu ya fizikia irekebishwe.

fundi_scons
Sasa foki ya nini? Chukua msimbo wa Godot kwenye tagi ya `4.3-stable`, tia kiraka chenu (faili la marekebisho) kwa `git apply`, kisha ujenge injini:

`scons platform=linuxbsd target=editor`
`scons platform=linuxbsd target=template_release`

Wengi husahau huo wa pili, unaojenga kiolezo cha kutolea gemu. Kwenye kihariri gemu inatulia, ikishatolewa kwa wachezaji hitilafu iko palepale.