MREJESHO: Yule shujaa aliyemtesa mateka

Wakuu, niliuliza hivi: paladini, shujaa wa kiapo kwenye Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa kubuni, akimchoma mateka vidole ili ataje maficho, bado ni mwema? Asanteni kwa michango, hata wewe uliyeniambia nikalime viazi.

Jumamosi tukakaa tena Mwanjelwa. Msimamizi wa mchezo hakubishana na mtu. Mateka alitaja pango, tukalivamia, tukakuta popo tu! Anayeungua atasema lolote. Halafu msimamizi akatukumbusha kuwa matoleo ya zamani ya mchezo yalimvua paladini nguvu zake akitenda uovu makusudi.

Mchezaji mwenye paladini huyo kanuna, eti mateka ni goblini, kiumbe wa kubuni, si mtu. Dada anayesoma sheria akamshushia Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(e), inayopiga marufuku kutesa mtu. Tulicheka sana, ila tumekubaliana: mateka atahojiwa kwa maneno, au aachiwe.