Naomba ushauri: Fortify Restoration haipandishi tena vifaa vya Alchemy kwenye mchezo wa Skyrim

Habari za muda huu wadau. Nimekwama kwenye ule mzunguko wa dawa za Fortify Restoration: unakunywa dawa, unavaa upya vifaa vya kichawi ili vipande nguvu, kisha unachanganya dawa kali zaidi na kurudia. Nina vifaa vinne vya Fortify Alchemy (vinavyoongeza nguvu ya dawa ninazochanganya): kofia, glavu, pete na mkufu, kila kimoja 25%. Dawa naichanganya kwa Salt Pile na Cyrodilic Spadetail. Nikishainywa navua vyote na kuvivaa upya kabla sekunde 60 hazijaisha, maana mchezo unakokotoa nguvu ya kifaa pale kinapovaliwa. Lakini glavu zinabaki 25% ileile.

Nimebadili mpangilio wa kuvaa, wapi. Nilipozima modi (nyongeza iliyotengenezwa na wachezaji) ya marekebisho yasiyo rasmi kwenye nakala ya sevu, yaani mchezo niliouhifadhi (msijaribu kwenye sevu yenu kuu), namba zikapanda papo hapo. Kwa hiyo tatizo liko kwenye modi hiyo, ila kuiacha siwezi, inanusuru misheni nyingi mno zinazokwama.

Je, kuna njia ya kurudisha tabia hii peke yake bila kuitoa modi nzima? Na ninyi huwa mnasimama raundi ya ngapi, kabla namba hazijafurika (kuzidi kiwango ambacho mchezo unaweza kuhesabu) na kugeuka hasi?

Natanguliza shukrani.